Chimbuko la Muziki wa Binadamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini muziki uwe fumbo? Si watu wanaimba tu kwa sababu wanapenda?

Wanapenda, naam, lakini swali ni kwa nini wapende. Chakula na ngono hazihitaji maelezo marefu: asiyekula hufa, asiyezaa haachi kizazi. Wimbo haushibishi wala haumfukuzi chui. Tena una gharama, kwa sababu unakula muda na nguvu, na sauti yake humwambia adui mlipo. Charles Darwin, mwasisi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, aliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1871 aliandika kwamba uwezo wa kutoa noti za muziki na kuzifurahia haumsaidii binadamu moja kwa moja katika maisha yake ya kawaida, kwa hiyo lazima uhesabiwe miongoni mwa vipawa vyake vya ajabu kabisa.

Na yeye mwenyewe alijibu nini?

Aliwatazama ndege. Dume huimba ili apate jike, na mwenye wimbo mzuri huacha vifaranga wengi. Darwin alidhani mababu zetu nao walibembelezana kwa sauti na mapigo kabla hawajaweza kusema neno lolote, na kwamba lugha ilizaliwa baadaye kutoka humo. Mwanafalsafa Herbert Spencer alikuwa ametangulia kusema kinyume chake mwaka 1857: usemi ndio uliotangulia, na muziki ni sauti ya mtu mwenye hisia kali iliyokuzwa. Mwenye hasira hupandisha sauti, mwenye huzuni huivuta, na wimbo ukaanzia hapo.

Wazo la uchumba bado lina wafuasi, ila mimi naliona dhaifu. Kwa ndege wengi wa maeneo yenye baridi waimbaji ni madume, na huimba zaidi msimu wa kuzaana. Kwa binadamu wanaimba wanawake na wanaume, vikongwe na watoto wasiojua mapenzi ni nini, na mara nyingi wanaimba kwa pamoja, jambo ambalo si njia nzuri ya kumzidi mpinzani wako. Utafiti uliofanywa Sweden kwa zaidi ya pacha 10,000 na kuchapishwa mwaka 2015 ulitafuta dalili kwamba wenye vipaji vya muziki wana wapenzi au watoto wengi zaidi. Ushahidi wa kuunga mkono hoja hiyo ulikuwa mdogo sana. Nyimbo za mapenzi zipo tele, lakini zipo pia za mazishi, za kazi na za kuponya wagonjwa.

Nimesikia kwamba muziki ni bahati tu, haukutokana na mageuzi. Ni kweli?

Aliyeisema kauli hiyo kwa sauti kubwa ni mwanasaikolojia Steven Pinker, mwaka 1997. Aliuita muziki keki ya jibini ya masikio. Hakuna kiungo mwilini kilichoumbwa kwa ajili ya keki. Tuna hamu ya sukari na mafuta kwa sababu zamani vilikuwa adimu, na mpishi huchezea hamu hizo. Muziki nao, alisema, huchezea vitu tulivyopewa kwa kazi nyingine, kama vile lugha, kusikia sauti za mazingira na kusoma hisia za mwenzako.

Wanamuziki walikasirika, ila hoja yenyewe si ya kupuuzwa. Kitu kuwepo kila mahali duniani hakuthibitishi kwamba kiliteuliwa na maumbile. Watu wote hutumia moto, na hakuna jeni ya kuwasha moto. Mtafiti Aniruddh Patel alitumia mfano huohuo wa moto aliposema kwamba muziki ni uvumbuzi, lakini uvumbuzi unaombadilisha mtumiaji. Pale Pinker anaponipoteza ni kwenye mapigo. Kushika mdundo na mwenzako, bila kuchelewa wala kutangulia, hakuhitajiki katika mazungumzo wala katika kumsikia mnyama kichakani. Uwezo huo haujaazimwa wazi kutoka popote.

Basi jibu sahihi ni lipi?

Hapa ndipo naona wengi wanapokwama, kwa sababu wanauliza juu ya muziki kana kwamba ni kitu kimoja. Ndani yake mna uwezo wa kuhisi mapigo yaliyopangika, kutofautisha sauti ya juu na ya chini, kukumbuka lahani hata ikianzishwa juu zaidi, kuiga sauti mpya, kupatanisha mwili na miili ya wengine, na kupata raha katika hayo yote. Kila kimoja kina umri wake na njia yake. Kimoja tunaweza kukirithi kutoka kwa babu wa mamilioni ya miaka, kingine kikawa cha juzi, kingine kikawa kweli zao la bahati kama alivyodai Pinker. Ukikubali hilo, sehemu kubwa ya ugomvi inapoa, na maswali yanayofuata yanakuwa rahisi kuyachunguza.

Wanyama wengine wana muziki?

Wana vipande vyake, na namna vilivyotawanyika inashangaza.

Nyangumi wenye nundu ni mfano maarufu. Roger Payne na Scott McVay walionyesha mwaka 1971 kwamba sauti zao ndefu baharini zina mpangilio unaorudiwa, yaani misemo inayounda sehemu, na sehemu zinazounda wimbo. Waimbaji ni madume. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, nao hubadilika kadiri miaka inavyopita. Katika Pasifiki ya Kusini nyimbo mpya zimefuatiliwa zikihama kutoka pwani ya Australia kuelekea mashariki, kundi moja likijifunza kutoka kwa jingine.

Karibu na ukoo wetu kuna giboni, nyani wasio na mkia wa Asia ambao dume na jike huimba kwa kupokezana alfajiri. Madagaska kuna indri, lemuri mkubwa, ndugu wa mbali wa nyani, anayeimba kwa familia. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba vipindi kati ya noti za indri hufuata uwiano wa 1:1 na 1:2, uleule unaosikika katika midundo ya binadamu. Indri na sisi tulitengana zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita, kwa hiyo haielekei kwamba tumerithi wimbo kutoka kwa babu mmoja. Inaelekea zaidi kwamba maumbile yamepita njia ileile zaidi ya mara moja.

Sokwe, ndugu zetu wa karibu kabisa, hawaimbi kwa maana yoyote ya kuridhisha. Hata hivyo hupiga ngoma: hugonga kwa mikono na miguu mizizi mipana ya miti, na mshindo husikika mbali msituni. Utafiti wa mwaka 2025 uligundua kwamba sokwe wa Afrika Magharibi hugonga kwa vipindi vinavyolingana, ilhali wa mashariki hupishanisha vipindi virefu na vifupi. Mimi nalipa jambo hili uzito kuliko nyimbo zote za ndege, kwa kuwa linagusa tawi letu wenyewe.

Kuna video za kasuku anayecheza muziki. Anacheza kweli, au anamwiga mtu aliye nyuma ya kamera?

Anacheza kweli. Kasuku huyo ni kokatuu aitwaye Snowball. Patel na wenzake walichukua wimbo anaoupenda, wakauharakisha na kuupunguza kasi, nao wakaona kwamba ndege hubadilisha mwendo wake kuufuata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Miaka 10 baadaye ilionyeshwa kwamba ana mitindo 14 tofauti ya kucheza, na hakuna aliyemfundisha.

Kwa nini kasuku aweze, na mbwa aliyeishi nasi maelfu ya miaka asiweze? Patel alipendekeza kwamba siri iko katika kujifunza sauti. Kasuku huiga sauti mpya na sisi pia, na kuiga kunahitaji njia madhubuti ubongoni kati ya sehemu ya kusikia na sehemu ya kuendesha misuli. Ukishakuwa na njia hiyo, mapigo yanaweza kupita humo bila mpango wa awali.

Kisha akatokea Ronan. Ni simba bahari jike wa kituo cha utafiti huko Santa Cruz, California, na jamii yake haijulikani kwa kuiga sauti. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba amejifunza kutikisa kichwa kwa mapigo, hata ya wimbo ambao hajawahi kuusikia. Walipompima tena, katika matokeo ya mwaka 2025, usahihi wake ulilingana na wa watu waliojaribiwa naye na hata kuupita. Nadharia ya Patel haijafa, lakini haiwezi tena kusemwa kwa ukali wake wa kwanza. Pengine kuiga sauti kunarahisisha kushika mapigo bila kuwa sharti. Tusisahau pia kwamba Ronan alifunzwa kwa subira na kwa kulipwa samaki, ilhali mtoto wa binadamu huanza kuyumba kwa muziki bila kulipwa chochote.

Ala ya kale kuliko zote ni ipi?

Zisizobishaniwa ni filimbi kutoka mapango ya milima ya Swabia, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 2008 kundi la Nicholas Conard lilifukua katika pango la Hohle Fels filimbi iliyotengenezwa kwa mfupa wa bawa la tumbusi. Ina matundu matano ya vidole na urefu wa karibu sentimita 22, na umri wake ni kati ya miaka 35,000 na 40,000. Pango jirani la Geissenklösterle limetoa filimbi ambazo tabaka la udongo zilimokutwa lilipimwa mwaka 2012 na kupewa umri wa miaka 42,000 hadi 43,000.

Moja ya filimbi za Geissenklösterle imetengenezwa kwa pembe ya mamothi, tembo wa kale mwenye manyoya, na hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mfupa wa ndege una uwazi tayari, unakata ncha na kutoboa. Pembe ya mamothi ni ngumu na imejaa. Fundi aliipasua kwa urefu, akachimba kila nusu ndani, akaziunganisha tena na kuziba ufa usipitishe hewa. Mtu hajitesi hivyo kwa kitu cha mzaha. Nyuma ya kazi hiyo lazima kulikuwa na vizazi vya wapigaji na wasikilizaji waliojua wanataka sauti gani.

Kutoka baadaye tunazo filimbi za Jiahu, China, za mifupa ya korongo, zenye umri wa miaka 8,000 hivi, na baadhi bado zinapigika. Kuna pia kombe kubwa, yaani gamba la konokono wa bahari, la pango la Marsoulas, Ufaransa, la miaka 18,000 hivi. Lilipatikana mwaka 1931, na kwa miongo mingi lilidhaniwa kuwa chombo cha kunywea. Lilipochunguzwa upya ilionekana ncha yake imevunjwa makusudi. Mpigaji alilipuliza mbele ya vinasa sauti, likatoa noti tatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021.

Na ule mfupa wa dubu wa Slovenia?

Ulipatikana mwaka 1995 katika pango la Divje Babe, una zaidi ya miaka 50,000, na ungekuwa kazi ya Neanderthal, binadamu wa kale waliotoweka. Ni kipande cha mfupa wa paja la dubu mchanga chenye matundu mawili kamili na dalili za mengine. Mwakiolojia Ivan Turk aliyesimamia uchimbaji anaamini ni filimbi, na nakala zake zimepigwa vizuri. Wapinzani wanasema matundu hayo ni alama za meno ya wanyama wala nyama, na mifupa ya dubu iliyotobolewa hivyo imepatikana mahali ambapo hapakuwa na watu. Kwamba nakala inatoa sauti si ushahidi, kwa kuwa karibu bomba lolote lenye matundu hutoa sauti. Mimi nauacha kando mpaka upatikane wa pili.

Kwa hiyo muziki una miaka 43,000?

Hapana. Huo ni umri wa filimbi zilizobahatika kutooza. Ngozi, mbao, matete na vibuyu haviachi alama, wala makofi hayaachi, sembuse koo.

Kuna njia nyingine ya kukadiria. Jamii za wanadamu zimetawanyika mbali. Mababu wa wenyeji wa Australia, kwa mfano, walifika huko yapata miaka 50,000 iliyopita au zaidi, kabla ya filimbi za Swabia, na vizazi vyao wana mapokeo makubwa ya nyimbo. Ama kila tawi lilivumbua kuimba lenyewe, ama sote tuliondoka Afrika tukiwa tunaimba. La pili ndilo rahisi kulikubali.

Mifupa nayo inasema kidogo. Juu ya koo kuna mfupa mdogo unaoshikilia ulimi. Mtoto wa Australopithecus, jamii ya kale katika ukoo wa binadamu, aliyefukuliwa Dikika, Ethiopia, mwenye umri wa miaka milioni 3.3, alikuwa na mfupa huo wenye umbo la sokwe, dalili ya vifuko vya hewa ambavyo hukoroga sauti. Neanderthal wa pango la Kebara, Israel, wa miaka 60,000 hivi, alikuwa nao wenye umbo kama letu. Mahali fulani katikati koo letu lilipoteza vifuko na sauti ikawa safi zaidi. Neanderthal angeweza basi kuimba. Kama aliimba, mfupa hauwezi kusema.

Nyimbo za kubembeleza watoto zina nafasi gani katika haya?

Kubwa, kwa maoni ya baadhi. Mtoto wa sokwe hung'ang'ania manyoya ya mama yake. Wetu huzaliwa hajiwezi, na mama mwenye manyoya machache na kazi nyingi humweka chini. Sauti inaweza kuwa mkono wa pili, inayomwambia mtoto kwamba yupo mtu karibu. Samuel Mehr na Max Krasnow waliongeza jambo mwaka 2017: mtoto anataka uangalizi zaidi ya ule mzazi anaoweza kuutoa, kwa hiyo anahitaji ishara isiyodanganya. Anayeimba yuko macho, yuko karibu na kichwa chake kimeelekea kwa mtoto, maana ni vigumu kuimba hivyo huku ukimkimbia fisi.

Watoto wachanga kweli wamejiandaa. Jaribio la mwaka 2009 liliwapima waliozaliwa siku mbili au tatu kabla, wakiwa usingizini. Pigo kuu la mdundo liliporukwa, mawimbi ya ubongo wao yalionyesha kwamba walilitarajia. Jaribio jingine la mwaka 2021 liligundua kwamba watoto wachanga wa Marekani hutulia zaidi kwa bembelezi za jamii ngeni, katika lugha wasiyoijua, kuliko kwa nyimbo nyingine za jamii hizohizo.

Na wazo kwamba muziki hujenga umoja?

Ndilo linalopendwa kuliko yote, na lina ushahidi wa maabara. Mwanasaikolojia Robin Dunbar anaanza na nyani wanaochambuana manyoya. Kuchambuana hutuliza na kujenga urafiki, lakini mikono ni miwili, na kundi likikua muda hautoshi. Kuimba na kucheza kunawafikia wengi kwa mpigo mmoja. Kundi lake lilionyesha mwaka 2012 kwamba watu waliotoka kuimba, kucheza au kupiga ngoma huvumilia maumivu zaidi kuliko waliosikiliza tu, ishara ya endofini, kemikali ya mwili inayopunguza maumivu. Sebastian Kirschner na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2010 kwamba watoto wa miaka minne waliocheza na kuimba pamoja walisaidiana baadaye kuliko wale waliocheza mchezo kama huo bila muziki.

Wapinzani wana swali gumu: kwa nini mapigo yaunganishe watu? Kusema kwamba hutoa endofini ni kuhamisha fumbo tu. Edward Hagen na Gregory Bryant wanapendekeza tuanze na watazamaji. Kundi linaloimba na kucheza kwa ulinganifu limefanya mazoezi, na mazoezi yanataka muda na kuaminiana. Anayelitazama kutoka nje, awe rafiki au adui, anapata habari za kweli juu ya nguvu ya umoja wao. Mwaka 2021 pande hizi mbili zilichapisha makala ndefu katika toleo moja la jarida, zikifuatwa na rundo la majibu ya wataalamu. Kwangu hazipingani sana kama zinavyodai: kundi lenye umoja linaweza kuanza kuuonyesha, na kundi linalouonyesha mara kwa mara likazidi kuungana.

Muziki upo katika kila jamii?

Upo. Mehr na wenzake walitafuta katika maandishi ya kiethnografia ya jamii 315, mwaka 2019, wakaukuta katika zote. Umbo lake ndilo linalotofautiana. Wamafa wa Kamerun, katika utafiti wa mwaka 2009, walitambua furaha, huzuni na woga katika muziki wa Ulaya ambao hawakuwahi kuusikia. Watsimane wa Bolivia, kwa upande mwingine, waliona sauti zilizopatanishwa na zilizogongana kuwa tamu sawasawa, kwa matokeo ya mwaka 2016, na hivyo kutikisa imani ya zamani kwamba masikio ya watu wote huchukia migongano ileile.

Mwaka 2025 Manvir Singh na Kim Hill walieleza habari za Waache wa kaskazini, Paraguay, ambao wana nyimbo lakini hawakuwa na dansi wala nyimbo za kuwaimbia watoto. Inaelekea walizipoteza, kundi lao lilipopungua na maisha yao kuvurugika. Kama ni hivyo, bembelezi si kama kutabasamu, jambo linalojitokeza lenyewe kwa kila mtu. Zinahitaji kupokezwa. Kwa nadharia ya wimbo wa mama hilo ni pigo, ingawa si la kuua.

Kuna jeni ya muziki?

Moja, hapana. Utafiti wa mwaka 2022 kwa watu zaidi ya 600,000 ulipata maeneo 69 ya jinomu, yaani jumla ya habari za urithi mwilini, yanayohusiana na uwezo wa kupiga makofi kwa mapigo, kila moja likichangia chembe tu.

Mimi siwezi kuimba kabisa. Je, mageuzi yameniruka?

Yaelekea hapana. Wengi wanaojiita hivyo wana masikio mazima na koo lisilo na mazoezi. Upo hata hivyo ulemavu wa kweli wa kuzaliwa nao, uliochunguzwa sana na Isabelle Peretz huko Montreal, ambapo mtu hatambui noti iliyokosewa wala wimbo anaoujua ukiondolewa maneno. Makadirio ya mwaka 2017 ni kwamba unawapata takriban watu 1.5 katika kila 100, na hujirudia katika familia. Tofauti na hao kuna watu walioelezwa na watafiti wa Barcelona mwaka 2014: wanasikia kila kitu sawasawa, wanatambua wimbo wa huzuni na wa furaha, wanafurahia kushinda pesa kama mtu yeyote, ila muziki hauwapi raha yoyote. Kusikia na kufurahia, basi, vinaweza kutenganishwa ndani ya kichwa kimoja.